Umekaa dunguni ukimsubiri kulungu, mara koyote anapita: umpige?

Kila Novemba, msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki unapofunguliwa katika majimbo mengi ya Marekani, sisi tunaofanya kazi ya wanyamapori huulizwa swali lile lile. Mwindaji amepanda dunguni tangu alfajiri. Kulungu haonekani. Anayetokea ni koyote, mnyama wa ukoo wa bweha na mbwa mwitu, anakatiza uwanda pua chini, hana habari kwamba anatazamwa. Majimbo mengi yanaruhusu koyote apigwe mwaka mzima. Basi ampige, kulungu wapate kupumua?

Jibu langu ni hili: kama unampiga kwa ajili ya kulungu, iache risasi yako mfukoni. Wanaouliza wanawapenda kulungu kwa dhati, kwa hiyo nina deni la kuwaeleza sababu.

Kwanza tusichanganye majina. Kulungu ninayemzungumzia si yule wa vichaka vya Afrika Mashariki. Ni kulungu mkia-mweupe wa Amerika Kaskazini, ambaye dume lake huangusha pembe kila mwaka na kuota nyingine. Koyote naye, miaka 200 iliyopita, makazi yake yalikuwa hasa nyika za kati na za magharibi. Watu walipowamaliza mbwa mwitu na kufyeka misitu, akapata nafasi ya kuenea, na leo yuko katika kila jimbo isipokuwa Hawaii.

Kwamba anakula ndama wa kulungu, hilo halina ubishi. Ndama huzaliwa mwishoni mwa Mei na mwezi wa Juni katika sehemu nyingi. Wiki zake za kwanza hajui kukimbia. Hujilaza kwenye majani, kimya, akitegemea madoa yake na uchache wa harufu yake. Hapo ndipo koyote humpata. Katika eneo la Savannah River, South Carolina, watafiti walifuatilia ndama kwa vifaa vya redio wakakuta ni takriban asilimia 23 tu waliopona, na koyote ndiye aliyeongoza kwa kuwaua. Mwindaji akisikia hivyo, mkono unamwasha. Namwelewa.

Lakini watafiti hao hawakuishia hapo. Kuanzia 2010 hadi 2012 walileta wategaji stadi, wakaondoa koyote 474 katika vitalu 3 vya kilomita za mraba 32 kila kimoja. Mwaka wa kwanza uhai wa ndama ulipanda hadi asilimia 51. Mwaka wa pili ukaporomoka hadi 20, chini hata ya pale ulipoanzia. Mwaka wa tatu ukawa 43. Na kila mwaka, katika muda wa miezi 9 hivi baada ya utegaji, koyote walikuwa wamerudi kwa idadi ile ile ya mwanzo.

Walitoka wapi? Koyote wenye himaya huishi jozi kwa jozi, na kandokando ya himaya zao huzunguka wengine wasio na makao, wengi wao vijana, wakivizia nafasi. Ukimuua mwenye eneo, umefungua mlango. Jike naye huzaa watoto kama 6 kwa mkupuo. Mwaka 1975 watafiti wa Chuo Kikuu cha California walikokotoa kwamba jamii ya koyote inaweza kuvumilia kupoteza hata asilimia 70 ya wenzao kila mwaka bila kutoweka. Serikali kuu ya Marekani yenyewe, kupitia wizara ya kilimo, huua zaidi ya koyote 50,000 kwa mwaka, na bado wapo.

Sasa rudi dunguni. Wewe umemwona mmoja, Novemba. Ndama wa mwaka huu ana miezi 5, ana miguu ya kumtoa koyote jasho. Ndama wa mwakani atazaliwa baada ya miezi 7, na kufikia wakati huo nafasi ya koyote uliyempiga itakuwa na mwingine. Kama wategaji wa kazi, waliofanya hivyo miaka 3 mfululizo, hawakupata matokeo ya uhakika, risasi moja ya bahati itafanya nini?

Huko Idaho nako, kati ya 1997 na 2003, koyote waliondolewa ili kuwanusuru kulungu wa aina nyingine, wale wenye masikio kama ya baghala. Idadi ya kulungu haikuongezeka kwa sababu hiyo. Hata hivyo, mwaka 2012 jirani zao wa Utah walipitisha sheria, na wakaanza kulipa dola 50 kwa kila koyote, kwa jina la kulungu hao hao. Mimi naona fedha hiyo ingefaa zaidi kwenye malisho.

Kilicho mkononi mwako kweli ni jike la kulungu. Kama kwenu ndama ni wachache kila vuli, punguza majike unayowinda. Ndivyo walivyoshauri pia watafiti wa Savannah River. Jike mmoja aliyeachwa hai ana uzao wa mwakani tumboni mwake. Na shamba lenye majani marefu na vichaka vya kujificha humpa ndama nafasi ambayo bunduki haiwezi kumpa.

Mfugaji ana hoja tofauti. Mara nyingi wanaoua kondoo ni jozi yenye watoto wa kulisha, na kuiondoa jozi hiyo hasa hupunguza hasara. Pia mwenye kibali anayewinda koyote majira ya baridi kwa ajili ya ngozi, na akaitumia, sina neno naye. Ila asiseme ni kwa ajili ya kulungu.

Kabla hujaweka kidole kwenye kifyatulio, hakikisha pia ni koyote. Mashariki mwa North Carolina wanaishi mbwa mwitu wekundu wa mwisho walioko porini duniani, wachache mno, na kwa mbali mtu huwadhania koyote. Wengine wameuawa kwa kosa hilo. Katika kaunti 5 za huko, Beaufort, Dare, Hyde, Tyrrell na Washington, koyote hawindwi usiku, na mchana ni kwa kibali maalumu. Baadhi ya mbwa mwitu hao huvaa kola ya rangi ya chungwa. Wengine hawana.