Je, wajua kwa nini aliyepona shambulio la moyo huchoka hata akiwa amekaa tu?

Mgonjwa ameruhusiwa kutoka hospitalini, maumivu ya kifua yamekwisha na daktari amesema kwamba anaendelea vizuri. Hata hivyo, akishaoga na kuvaa nguo asubuhi hulazimika kujilaza tena, na jioni hushindwa kufuatilia mazungumzo ya jamaa waliokuja kumjulia hali. Familia nyingi, ziwe za Kampala, Bombo au Busia, hulitafsiri jambo hili kwa namna mbili tu: ama moyo bado haujapona, ama mzee amekata tamaa. Ukweli ni kwamba uchovu huo una vyanzo kadhaa kwa wakati mmoja, na moyo wenyewe mara nyingi si chanzo kikubwa kuliko vingine.

Shambulio la moyo hutokea pale mshipa mmojawapo unaolisha msuli wa moyo unapozibwa na donge la damu, na sehemu ya msuli huo ikafa kwa kukosa oksijeni. Sehemu iliyokufa haioti upya. Nafasi yake huchukuliwa na kovu, ambalo hukomaa kwa muda wa takriban wiki 6 hadi 8 na ambalo halina uwezo wa kusukuma damu. Moyo wenye afya hutoa kwa kila pigo zaidi ya nusu ya damu iliyojaa katika chumba chake kikuu cha kushoto, na uliojeruhiwa sana hutoa asilimia 40 au chini ya hapo. Ingedhaniwa basi kwamba kadiri kiwango hicho kinavyoshuka ndivyo mtu anavyochoka. Lakini madaktari hukutana na wagonjwa wenye kipimo kizuri wasioweza kupanda ngazi, na wengine wenye kipimo kibaya wanaotembea bila shida.

Sehemu kubwa ya maelezo imo katika misuli ya mwili na katika kulala kitandani. Mwaka 1966 watafiti wa Dallas, nchini Marekani, waliwalaza kitandani kwa wiki 3 vijana watano wenye afya, wa umri wa miaka 20. Uwezo wa miili yao kutumia oksijeni wakati wa mazoezi ulishuka kwa zaidi ya robo. Wanaume haohao walipopimwa tena baada ya miaka 30, ilionekana kwamba zile wiki 3 za kulala ziliwapunguzia uwezo huo zaidi kuliko miaka 30 ya kuzeeka. Nao hawakuwa na ugonjwa wowote wa moyo.

Zamani wagonjwa wa moyo walilazwa chali kwa wiki kadhaa, hadi pale madaktari Samuel Levine na Bernard Lown wa Boston, Marekani, walipoeleza mwaka 1952 kwamba kuwakalisha kwenye kiti mapema kuliwafaa zaidi. Siku hizi, asiye na matatizo mengine husimamishwa ndani ya siku moja au mbili. Desturi ya zamani imehama hospitalini ikahamia nyumbani, ambako watoto, kwa mapenzi na heshima, humzuia baba au mama asinyanyue hata kikombe. Heshima hiyo, kwa maoni yangu, humwongezea mgonjwa uchovu uleule wanaotaka kumwondolea.

Chanzo kingine ni dawa. Atenololi, bisoprololi na jamii yake hupunguza kasi ya mapigo ili moyo usifanye kazi kupita kiasi, na kwa sababu hiyo mtu akiharakisha hatua moyo wake hauongezi kasi kama alivyozoea. Dawa za kushusha presha huweza kuleta kizunguzungu mtu anaposimama ghafla, na statini, zinazopunguza mafuta katika damu, huwaletea baadhi ya watu maumivu ya misuli. Hakuna hata moja kati ya hizi inayofaa kuachwa kimyakimya. Hasa za jamii ya bisoprololi, zikikatizwa ghafla, moyo huweza kurudi katika hatari ileile iliyompeleka mtu hospitalini. Anayeona dawa inamlemea amwambie daktari wake, ambaye anaweza kupunguza kipimo au kubadili saa ya kuimeza.

Isisahaulike pia huzuni. Takriban mtu mmoja kati ya watano hupatwa na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, baada ya shambulio la moyo, na kwa wazee wetu ambao hawajazoea kusema kwamba wana huzuni, sonona hujitokeza kama uchovu, kukosa usingizi na kuchukia chakula. Nayo hutibika.

Namna ya kukabiliana na haya yote ni kuupimia mwili kazi kidogo kila siku, bila kuukatia kabisa. Kwa aliyeruhusiwa na daktari, matembezi ya dakika 5 mara mbili kwa siku mahali tambarare yanatosha kwa kuanzia, kisha huongezwa dakika chache kila baada ya siku kadhaa, ili baada ya wiki 6 hivi aweze kutembea nusu saa. Kipimo cha kasi ni mdomo wake: akiweza kuzungumza bila kuhema sana, mwendo unafaa, akishindwa kumaliza sentensi, apunguze. Kampala ni mji wa vilima, na anayekaa Namirembe au Muyenga huvutwa kuanza kwa kushuka kwa sababu ni rahisi. Huo ni mtego, kwani atapanda wakati nguvu zimekwisha. Afadhali aanze kwa kupanda polepole na kurudi kwa kushuka.

Kazi za kunyanyua zinahitaji subira zaidi. Jerikani ya lita 20 iliyojaa maji ina uzito wa kilo 20, na anayeinyanyua hubana pumzi bila kujua, jambo linalopandisha presha ghafla. Jembe nalo lisubiri ruhusa ya daktari.

Siku yenye nguvu ndiyo inayowaponza wengi, maana mgonjwa hufua, hufagia na kwenda sokoni, kisha hulala siku mbili zinazofuata. Ni bora agawe kazi, apumzike kabla ya kuchoka, akae kwenye kigoda anapooga, na asitembee mara baada ya kula sahani kubwa ya matoke au posho, kwa kuwa damu nyingi huwa imeelekea tumboni. Wageni pia wapangiwe muda, hata kama kumwambia mgeni aondoke ni jambo gumu kwetu.

Uchovu ukija na homa, mgonjwa apimwe malaria badala ya kununua dawa kwa kukisia. Anayetumia aspirini na klopidogreli, dawa za kuzuia damu isigande, akiona choo cheusi kama lami aende hospitali haraka, kwa kuwa anaweza kuwa anavuja damu tumboni. Asinunue diklofenaki wala ibuprofeni kwa maumivu ya mwili, kwani dawa hizo huongeza hatari ya shambulio jingine, aulizie parasetamoli.

Uchovu wa kupona hupungua wiki hadi wiki, ingawa kwa baadhi ya watu huchukua miezi. Ukizidi badala ya kupungua, miguu ikivimba, uzito ukiongezeka kilo 2 ndani ya siku 3, au mtu akishindwa kupumua akilala bila mito, arudi kwa daktari siku hiyohiyo. Maumivu ya kifua yakirejea, au uchovu mzito wa ghafla ukija pamoja na jasho la baridi, akimbizwe hospitali saa hiyohiyo hata bila maumivu, kwa sababu kwa wanawake na wenye kisukari shambulio la pili huweza kuja hivyo.