Je, wajua kwa nini Wamarekani walikuja kurushia setilaiti Ngomeni?

Kaa baraza yoyote hapa Mombasa uitaje Ngomeni, wengi watakwambia samaki na chumvi, na wazee watakwambia "aah, kule kwa Wataliano". Ni kweli, ile mitambo ya chuma iliyosimama baharini kaskazini ya Malindi ni ya Wataliano, inaitwa San Marco, ila kisa chenyewe wengi hatukijui na mie naona ni aibu kidogo, manake tarehe 12 Disemba 1970, siku ya Jamhuri, ilirushwa pale setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi moja tu ya kutafuta eksirei za angani. Marjorie Townsend, mama aliyesimamia mradi huo kule NASA, shirika la anga la Marekani, akaiita Uhuru.

Sasa Marekani si wana Florida yao, mbona wahangaike kuleta roketi mpaka huku? Sababu ni ikweta. Dunia inazunguka kwa kasi zaidi pale katikati, kama mita 465 kwa sekunde, hivo roketi inasukumwa bure kabla hata haijawashwa. Na kubwa kuliko hilo, setilaiti inayozunguka juu ya ikweta haipiti sana kwenye eneo moja upande wa Brazili na Atlantiki ya kusini ambako mionzi ya angani hushuka chini, ikiingia humo kila saa vifaa vitahesabu takataka tupu. Kutoka Florida roketi ndogo kama ile isingeweza kuifikisha kwenye njia hiyo.

Mwenye wazo la setilaiti hiyo alikuwa Riccardo Giacconi, mwanafizikia mzaliwa wa Genoa aliyehamia Marekani. Eksirei anazozitaka ni hizi hizi za hospitali, tatizo ni kwamba hewa yetu inazizuia zote, ukitaka kuziona lazima utoke nje ya hewa. Basi 1962 yeye na wenzake, kwa pesa za jeshi la anga, wakarusha roketi kule New Mexico waangalie kama mwezi unatoa eksirei zozote. Safari ya kabla ya hapo milango ya vifaa ilikataa kufunguka, roketi imepaa vizuri vifaa vimefungiwa ndani! Hii ya 1962 ikapata sekunde 350 za kutazama, mwezini hawakuona la maana, lakini upande wa kundi la nyota la Nge kukawa na kitu kinamwaga eksirei kupita hesabu zao zote.

Mtu mwingine angeandika ripoti kuwa mwezi haukutoa kitu akaenda kulala. Giacconi alishika kile kisichotarajiwa, mwaka uliofuata tayari anapendekeza setilaiti ya kukagua anga nzima, na ikamchukua miaka 7 mpaka Ngomeni.

Uhuru iliona vitu zaidi ya 300, lakini kilichowasumbua watu ni kimoja kinaitwa Cygnus X-1. Kilijulikana tangu 1964 ila Uhuru ndo iliyoonyesha kwamba kinapepesa haraka sana, ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Na hapo kuna ujanja mzuri. Swala ya Idd uwanjani watu wakiitikia "Amin", ukisimama mbele unaisikia ikivuta, ya safu za nyuma inachelewa kufika. Nuru nayo ni hivo hivo. Kuvuka jua letu toka ukingo huu hadi ule inataka zaidi ya sekunde 4, kwa hivo kitu kikubwa kama jua hakiwezi kupepesa chote ndani ya robo sekunde, ile pepesa ingevutika. Yaani hiki lazima kiwe kidogo mno.

Kidogo sawa, lakini kizito kiasi gani? Hapo eksirei peke yake haikutosha wallahi. Wenye darubini za redio Uholanzi na Marekani wakabana kiko sehemu gani hasa ya anga, kisha wenye darubini Uingereza na Kanada wakakuta pale nyota kubwa inayumbishwa na kitu kisichoonekana, wanazungukana kila siku 5.6. Kidogo, kizito, hakionekani: ndo ikawa mara ya kwanza wanasayansi kusema kwa ushahidi, huenda hili ni shimo jeusi, yaani kitu chenye mvuto mkali hata nuru haiponyoki. Timu nne tano, hakuna iliyokuwa na jibu zima mkononi.

Giacconi alipata nusu ya Nobel ya fizikia 2002. Uhuru iliacha kufanya kazi 1973 na roketi ya mwisho pale San Marco ilipaa 1988, siku hizi kinachofanya kazi ni kituo cha nchi kavu cha kuwasiliana na setilaiti. Mitambo ya baharini bado imesimama, ukitaka kuiona fika Malindi, shika njia ya Gongoni, halafu uliza kwa Wataliano.