Ubani ulivyoninyamazishia harusi

Mchezo wenyewe ulikuwa wa harusi, Tanga. Watazamaji waingie kama waalikwa: wavue viatu, wakae mikekani, wapewe kahawa. Katikati ya shamrashamra shangazi wa bibi harusi anasimama na kuwauliza: mtoto huyu bado wa shule, mnamwozesha kweli? Hapo ndipo nilipotaka wabishane.

Kazi yangu ni mazingira, yaani kila kinachoonwa, kusikika, kunuswa na kuguswa kabla mwigizaji hajafungua mdomo. Chini nilimwaga mchanga, juu yake mikeka. Spika zenye vigelegele na kelele za masufuria nilizificha uani, ili sikio liamini kuna wapishi huko nyuma. Mlangoni nikaweka chetezo. Udi ulikuwa haujafika, nikamwambia kijana wangu atie ubani. Moshi si moshi tu?

Wakaingia, wakakaa, kimya. Akina mama wakavuta mitandio vichwani. Mmoja akamnong'oneza mwenzie, "Nani kafa?" Shangazi aliuliza swali lake mara mbili, asijibiwe. Nani atabishana na mwenye nyumba msibani?

Mimi ni mtu wa Iringa, na hilo halinisamehe. Pwani ubani hufukizwa kwenye hitima, na hata pesa wanayopewa wafiwa huitwa ubani. Udi ndio wa maharusi: hufukiziwa nguo na nywele. Nilikuwa nimewapangia kazi ya waalikwa, pua zikawapa kazi ya waombolezaji. Kesho yake nikafukiza udi na kutundika asumini mlangoni. Kabla shangazi hajamaliza swali, bibi mmoja alikwishasimama, kidole juu.

Mazingira kumpa mtazamaji kazi yake si ugunduzi wangu. Walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwamo Penina Mlama na Amandina Lihamba, walipokwenda Malya, Mwanza, miaka ya mwanzo ya 1980 kuzungumzia mimba za wanafunzi, ngoma za wenyeji ndizo walizozitumia. Ngoma mtu haambiwi aingie vipi. Kule London nako kundi la Oily Cart, lililoanza 1981, huwachezea watoto wenye ulemavu mkubwa kwa maji, upepo wa feni na mguso. Kwa wengi wao maneno ni ziada tu.

Shida ya harufu ni kwamba haina swichi. Taa unazima, muziki unakata, lakini moshi wa onyesho la kwanza utaukuta la tatu. Ndiyo maana naweka harufu moja tu kwa mchezo mzima, chetezo upande upepo unakotoka, feni ya kuvuta hewa upande wa pili, na mlango wa pembeni usio na moshi kwa wenye pumu.

Na kabla sijanunua chochote, nachukua vikopo vitatu vyenye harufu tofauti, vilivyofunikwa, nawapelekea bibi zetu wa mtaa ule, nafunua kimoja kimoja na kuwauliza: "Hapa bibi uko wapi, na umevaa nini?"