Vijiti vimejaa, kazi haiendi: dhana potofu kuhusu intaneti ya simu

Dhana: Vijiti vya netiweki kwenye simu vikijaa, intaneti lazima iwe na kasi.

Vijiti vinaonyesha tu jinsi simu inavyoupata mnara. Havikwambii mnara huo umebeba watu wangapi, na uwezo wake hugawanywa kwa wote walioushika. Ndiyo maana ukiwa Kariakoo mchana unaweza kuwa na vijiti vyote na bado kiambatisho cha barua pepe kikazunguka weee, ilhali alfajiri, kwa laini ileile, faili la MB 200 linapanda kabla maji ya chai hayajachemka. Mhariri wa video anayetegemea bando hutuma kazi zake nzito saa hizo.

Dhana: Nikiwasikia kwenye kikao, na wao wananisikia.

Hapa ndipo watu wanapoaibika. Bosi unamsikia vizuri, ukifungua mdomo unaambiwa "tunakupata kwa chenga". Mnara hurusha mawimbi kwa makumi ya wati. Simu yako ya 4G hurusha kwa takriban wati 0.2, na kuta za tofali hula sehemu ya hizo. Ukipima kasi unapewa namba mbili, ya kushusha na ya kupandisha. Wengi hufurahia ya kwanza na kuipita ya pili, ambayo ndiyo inayobeba sauti yako. Washa hotspoti, iache simu dirishani upande wa mnara, wewe rudi mezani na kompyuta. Ikishindikana, zima kamera.

Dhana: Bando linaibiwa.

Kampuni za simu sizitetei. Kifurushi kufa usiku wa manane kikiwa na MB zake kinaudhi. Ila mara nyingi mlaji yuko mezani kwako. Kompyuta ikishika hotspoti huidhani ni waifai ya ofisini, basi inashusha masasisho ya Windows na kupandisha picha zako zote kimyakimya. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao huo, iambie kwamba data inapimwa ("metered connection"). Kisha piga hesabu ya vikao: video inayotumia Mbps (megabiti kwa sekunde) 1.2 kwenda na 1.2 kurudi hula zaidi ya GB 1 kwa saa.

Dhana: "Bila kikomo" ni bila kikomo.

Soma masharti. Mara nyingi ukivuka kiwango fulani cha GB, kasi inashushwa.

Dhana: Intaneti ya simu ni ya hewani, nyaya haziihusu.

Hewani ni kutoka simu hadi mnara, au pengine minara michache mbele; baada ya hapo data husafiri kwa nyaya, zikiwemo za chini ya bahari. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini, Tanzania na Kenya wenye laini za simu waliumia pamoja na wenye faiba (intaneti ya waya).

Dhana: Ukiwa na faiba, bando la nini?

Umeme ukikatika, rauta inazimika nao. Minara mingi ina betri au jenereta, kwa hiyo ukiwa na kompyuta yenye chaji na bando la siku unamaliza kikao chako. Kwa anayeishi na mgao wa umeme, faida hiyo pekee inalipa bei yake. Asichokipata kirahisi ni kuingia, akiwa mbali, kwenye kompyuta au kamera ya dukani iliyounganishwa kwa laini ya simu: kampuni kwa kawaida huwapa wateja wengi anwani moja ya IP (namba inayotambulisha kifaa mtandaoni), kwa hiyo anayetoka nje hawezi kukifikia kifaa chako moja kwa moja, na kubadili kifurushi kwa kawaida hakubadilishi hilo.