"Linux ni Linux", kumbe sivyo

Wiki hii nimeambiwa tena kwamba programu iliyojengwa kwenye Linux huendeshwa kwenye Linux yoyote. Aliyeniambia alikuwa ameijenga ya kwake kwenye Ubuntu 22.04, akaipeleka kwenye seva ya mteja yenye Ubuntu 20.04, ikagoma kuwaka ikidai GLIBC_2.34, naye akaanza kuukagua msimbo wake mstari kwa mstari.

Msimbo hauna hatia. Kazi (functions) zilizomo ndani ya glibc, maktaba ya C ambayo programu nyingi za Linux huitegemea, zimebandikwa matoleo, na wakati wa kujenga, programu hufungwa kwenye toleo jipya kabisa linalopatikana katika mashine hiyo, hata kama la zamani lingetosha. Glibc 2.34, iliyotoka Agosti 2021, ilibandika toleo jipya hata kwenye __libc_start_main, mlango ambao programu hupitia kabla ya kuifikia main, kazi inayoanzia msimbo wako. Kwa hiyo hata programu ya kusema "Habari" tu, ikijengwa kwa glibc 2.35 ya Ubuntu 22.04, haitakubali 2.31 ya Ubuntu 20.04, ilhali iliyojengwa kwa ya zamani huendeshwa kwenye mpya bila ugomvi.

Kinachoniudhi ni kwamba kwenye macOS unajenga kwenye mashine mpya na kutaja toleo la chini unalolilenga, basi. Glibc haina swichi ya namna hiyo, ndiyo maana tunajengea ndani ya kontena, yaani mazingira yaliyotengwa ndani ya mashine, lenye mfumo mkongwe kuliko ya wateja wote. Watu wa Python walifanya hivyo kwa manylinux2014, kiwango chao cha vifurushi vinavyoendeshwa kwenye Linux nyingi, kilichosimama juu ya CentOS 7, Linux nyingine, na glibc yake 2.17. CentOS 7 iliacha kupata masasisho tarehe 30 Juni 2024. Mimi bado naitumia CentOS 7 kujengea, na sina hakika kwamba nafanya vyema.



Wapo wanaokimbilia Alpine, Linux ndogo ambayo hutumia musl, maktaba nyingine ya C, badala ya glibc. Ukiipelekea programu ya glibc, utaambiwa faili haipo, na ls, amri ya kuorodhesha faili, inakuonyesha ipo! Kisichokuwepo ni kipakiaji chake, ld-linux, kinachoiingiza programu na maktaba zake kwenye kumbukumbu, lakini ujumbe haukitaji. Kuijenga upya kwa musl, kila kitu kikiwa ndani ya faili moja, huondoa kero hiyo, ila programu zangu zenye nyuzi (threads) nyingi zinazofanya kazi kwa pamoja zilipungua kasi kwa sababu ya namna musl inavyogawa kumbukumbu, nikarudi kwenye kontena langu kuukuu.