Pampu ya Kombi Inasingiziwa

Kombi ya Volkswagen ya miaka ya 1970, ile iliyofungwa kitanda na jiko nyuma, huletwa gereji hukumu ikiwa imeshatoka: "Fundi, pampu ya mafuta imekufa." Mara nyingi pampu mpya imeshanunuliwa, ipo kwenye kiti cha mbele ndani ya boksi lake. Na mara nyingi ile ya zamani haina kosa. Nazungumzia injini ya 1600 ya kabureta, inayopozwa kwa hewa, yenye pampu ya kusukumwa na injini yenyewe. Kombi za injeksheni, zisizo na kabureta, zina mambo yao.

Dhana: Ikizima ikiwa ya moto kisha ikawaka ikipoa, ni pampu

Hii ndiyo inayochosha kuliko zote, maana inakuja na ushahidi. Gari linazima mlimani saa nane mchana. Dereva anashuka, analowesha kitambaa, anakizungushia pampu, anakaa kivulini robo saa, anapiga starta, gari hilo linawaka. Basi, kesi imekwisha.

Lakini ndani ya robo saa hiyo koili, inayotengeneza umeme wa cheche, nayo imepoa. Kondensa, kijisehemu cha umeme kinacholinda pointi za distributa, imepoa. Tenki lililokosa pa kupumulia limevuta hewa kidogo kidogo. Petroli iliyogeuka mvuke ndani ya mpira imerudi kuwa kimiminika. Hitilafu nne tofauti kabisa, na zote "hupona" kwa kusubiri. Kitambaa kinapewa sifa, pampu inapewa lawama.

Kinachosema kweli ni dakika mbili za kwanza, kabla chochote hakijapoa. Hapo ndipo ufanye kazi, siyo kutafuta maji.

Fungua mlango wa injini, ondoa filta ya hewa juu ya kabureta, chungulia kooni huku ukivuta mkono wa akselereta kwa kidole. Kijimrija kilichomo ndani kinatakiwa kurusha mchirizi wa petroli kila unapovuta. Kikirusha, bakuli la kabureta lina mafuta na pampu haina kesi ya kujibu. Rudisha filta ya hewa kwanza, kisha uhamie kwenye umeme: chomoa waya mnene wa katikati kwenye kifuniko cha distributa, inayogawa umeme kwa plagi, ushike kwa koleo yenye mpira, ncha yake iwe kama milimita 6 kutoka kwenye chuma cha injini, mwenzako apige starta. Cheche ya buluu yenye mlio ni nzima. Ikiwa ya njano na dhaifu, au hakuna kabisa, angalia pointi, vile vyuma vidogo ndani ya distributa vinavyokata na kuunga umeme wa koili: nafasi yake ni milimita 0.4, na zikiwa zimeungua nyeusi, mshuku kondensa kabla ya koili. Kondensa ni kitu cha bei ndogo kinachouzisha pampu nyingi.

Kama kabureta ni kavu, fungua mfuniko wa tenki. Ukisikia hewa ikiingia kwa kishindo na gari likawaka muda mfupi baadaye, njia ya kupumulia ya tenki imeziba. Pampu mpya haitasaidia kitu hapo.

Bado kavu? Toa waya unaoleta umeme wa ufunguo kwenye namba 15 ya koili ili kusiwe na cheche, chomoa mpira unaoingia kwenye kabureta, uingize kwenye chupa, starta ipigwe sekunde kumi. Petroli inatakiwa kutoka kwa mipigo yenye nguvu. Ikitoka kinyonge, usihukumu bado. Chomoa mpira unaoingia kwenye pampu, boliti ya milimita 6 ikiwa mkononi tayari ya kuuziba, kwa sababu tenki liko juu ya pampu na likiwa na mafuta ya kutosha petroli itamwagika yenyewe. Ikidondoka tone tone, ubaya uko nyuma: filta ya petroli, kutu ya tenki, au mpira uliovimba kwa ndani. Ikimwagika vizuri huku upande wa kabureta ukiwa mnyonge, sasa ndiyo, nunua pampu.

Mvuke kwenye mpira upo kweli, siukatai. Lakini nao una chanzo. Raba inayozunguka injini ikikosekana, au bati moja likiachwa nje na fundi aliyeona halina kazi, feni huvuta hewa ya moto kutoka chini na kuirudisha juu ya injini. Joto hilo ndilo linalochemsha petroli. Funga raba na mabati yote, sogeza mpira wa mafuta usiguse chuma cha moto, halafu tuone kama kitambaa kitahitajika tena.

Dhana: Pampu ya Kombi ni pampu ya Kombi

Zipo mbili. Injini yenye dainamo hutumia pampu iliyosimama wima na kijiti cha kusukumia cha milimita 108. Yenye altaneta hutumia pampu iliyolala upande na kijiti cha milimita 100. Ukichanganya kijiti kirefu na pampu ya kijiti kifupi, unapasua dayaframu, ule utando wa ndani ya pampu, au unavunja mkono wa pampu siku hiyo hiyo. Ukigeuza, mafuta hayafiki ya kutosha.

Kufunga si kazi ngumu. Injini iwe imepoa, toa waya hasi wa betri, ziba mpira wa tenki, fungua nati mbili kwa spana namba 13. Chini ya pampu kuna kipande cheusi cha plastiki chenye gasketi juu na chini. Kama umekitoa, kirudishe kabla ya kijiti, la sivyo kijiti kinaweza kutumbukia ndani ya injini na jioni yako imeharibika. Zungusha injini kwa puli mpaka kijiti kipande juu kabisa, upime: kisizidi milimita 13 kutoka usoni pa gasketi. Kikizidi, ongeza gasketi. Watu huruka kipimo hiki kisha wanarudi kulalamika kwamba pampu mpya ni feki. Kisha zungusha tena kijiti kishuke, jaza grisi sehemu ya chini ya pampu, funga nati mbili kwa zamu, kwa kiasi. Ile plastiki hupasuka ukitumia ubabe.

Dhana: Pampu ya umeme yenye nguvu zaidi ni bora

Kabureta hii inataka presha ya robo ya bar hivi. Pampu ya gari la injeksheni hutoa bar 2 na zaidi. Sindano ya boya, inayofunga petroli bakuli la kabureta likijaa, haiwezi kuzuia nguvu hiyo, petroli inafurika kooni na kushuka kwenye silinda. Ukilazimika kuweka ya umeme, iwe ya kabureta, ifungwe karibu na tenki na chini, na iwe na swichi ya kuikata injini ikizima. Bila hiyo, mpira ukichomoka, itaendelea kumwaga petroli maadamu ufunguo umewashwa.

Dhana: Oili kunuka petroli ni uzee wa gari

Siyo. Dayaframu imetoboka, au sindano ya kabureta inavuja. Injini hii inabeba oili lita 2.5 tu, kwa hiyo petroli kidogo inatosha kuilegeza mpaka beringi zinakula chuma. Dipstiki ikionyesha kwamba oili inapanda bila wewe kuongeza, usiwashe gari. Rekebisha uvujaji, mwaga oili yote.

Dhana: Filta ya plastiki ikae juu ya injini ili uione

Filta hiyo ya petroli iko juu ya distributa, imeshikwa na mpira mkavu usio na klipu, inacheza kwa kila shimo la barabara. Itoe leo. Mahali pake ni kabla ya pampu, nje ya chumba cha injini. Weka mpira mpya wa tundu la milimita 5.5, siyo wa 8 uliobanwa kwa waya, na klipu kila mwisho. Ukiwa hapo, tikisa kijibomba cha shaba kinachoingia kwenye kabureta. Kikizunguka kwa vidole, kitachomoka siku moja ukiwa safarini.