Je, wajua kinachoiangusha timu kubwa kwenye mechi ya kombe? Si uwanja wenye mabonde

Klabu ya daraja la chini inapoitoa klabu ya ligi kuu kwenye kombe, maelezo huwa tayari hata kabla ya kipenga cha mwisho. Husemwa kwamba wageni wamezoea nyasi laini kama zulia, na siku hiyo wamekutana na kiwanja chenye mabonde na tope, chumba kidogo cha kubadilishia nguo, na watu elfu tatu wanaopiga kelele hatua mbili tu kutoka mstari wa pembeni. Kwa maelezo hayo, mshindi halisi ni uwanja, na wachezaji wenyeji ni wasaidizi wake. Ni maelezo matamu na yana chembe ya ukweli, lakini chembe hiyo ni ndogo kuliko inavyodhaniwa, na jambo lenyewe linalofanya kazi linapatikana mahali ambapo watu hawapatazami, yaani kwenye uhaba wa mabao.

Ni vyema kuanza na mechi iliyoieneza imani hii kuliko nyingine zote. Tarehe 5 Februari 1972, Hereford United, ambayo wakati huo haikuwa hata miongoni mwa timu za ligi rasmi ya Uingereza, iliikaribisha Newcastle United ya daraja la kwanza katika uwanja wake wa Edgar Street, kwenye raundi ya tatu ya Kombe la FA. Uwanja ulikuwa tope tupu. Newcastle walitangulia kupitia Malcolm Macdonald, kisha Ronnie Radford akasawazisha kwa shuti la mbali ambalo hadi leo huonyeshwa kwenye televisheni kila kombe hilo linapowadia, na Ricky George akafunga la ushindi katika muda wa nyongeza. Anayeitazama picha ile ya mashabiki wakimiminika kwenye tope ni vigumu asiamini kwamba tope ndilo lililoshinda. Kinachosahaulika ni kwamba ile ilikuwa mechi ya marudiano. Ilichezwa kwa sababu Hereford walikuwa wameshatoka sare ya mabao 2-2 huko Newcastle, katika uwanja wa wakubwa na mbele ya mashabiki wa wakubwa, na bila sare hiyo tope la Edgar Street lisingepata nafasi ya kusifiwa.

Mfano mmoja hauthibitishi kitu, kwa hiyo tuondoe sababu zinazotajwa, moja baada ya nyingine, tuone kitakachobaki. Ya kwanza ni mashabiki. Mwanzoni mwa 2021, viwanja vya Ulaya vikiwa vitupu kwa sababu ya korona, Crawley Town ya daraja la nne iliifunga Leeds United ya Ligi Kuu ya Uingereza mabao 3-0 tarehe 10 Januari. Siku tatu baadaye Holstein Kiel ya daraja la pili la Ujerumani iliitoa Bayern Munich, mabingwa wa Ulaya wakati huo, kwa mikwaju ya penalti baada ya sare ya 2-2. Tarehe 20 Januari ikawa zamu ya Alcoyano ya daraja la tatu la Hispania, ambayo iliifunga Real Madrid 2-1 katika muda wa nyongeza ikiwa imebaki na wachezaji kumi, na mwezi Machi Canet Roussillon ya daraja la nne la Ufaransa ikaifunga Marseille 2-1. Maangusho manne ya aina hii katika muda wa miezi miwili si haba hata kwa msimu wenye mashabiki, nayo yote yalitokea bila umati wowote wa kuupa sifa.

Mtetezi wa uwanja atajibu kwamba mechi hizo nne bado zilichezwa kwa wenyeji wadogo, na atakuwa amesema kweli. Basi tuuondoe na uwanja pia. Msomaji wa Tanzania hana haja ya kwenda mbali: Desemba 2017 Simba, wakiwa mabingwa watetezi wa Kombe la Shirikisho, walitolewa na Green Warriors ya daraja la pili kwa penalti huko Chamazi, katika uwanja wa Azam. Mwaka mmoja baadaye wakafungwa 3-2 na Mashujaa ya Kigoma, nayo ikiwa bado timu ya daraja la chini, ndani ya Uwanja wa Taifa jijini Dar es Salaam, ambao Simba wanaujua kuliko Mashujaa walivyoweza kuujua. Huko Ufaransa, Calais ya daraja la nne ilifika fainali ya kombe la nchi hiyo mwaka 2000, na mechi yake ya nusu fainali, ambayo iliifunga Bordeaux, bingwa wa ligi wa 1999, mabao 3-1 baada ya muda wa nyongeza, ilichezwa Lens, kwenye uwanja mkubwa na mzuri wa klabu nyingine. Ikiwa tope na mabonde ndiyo siri, basi siri hiyo inafanya kazi hata mahali ambapo haipo.

Hakuna katika hayo kinachothibitisha kwamba kucheza nyumbani hakusaidii. Kinachoonekana ni kwamba si sharti, na jambo lisilo sharti haliwezi kuwa chanzo.

Chanzo kinaeleweka vizuri zaidi baharini. Chukua wavuvi wawili wa mshipi walioketi katika ngalawa moja, mmoja akiwa fundi na mwingine akiwa wa kawaida, kiasi kwamba katika kila samaki wanne wanaonaswa, kwa wastani watatu huwa wa fundi na mmoja wa mwenzake. Wakivua msimu mzima na kuleta pwani samaki elfu moja, hakuna atakayeuliza nani bora. Usiku mmoja wakipata samaki thelathini, uwezekano wa yule wa kawaida kuwa na zaidi ya nusu yao ni karibu mara moja katika usiku elfu moja. Lakini usiku ambao bahari imekataa, na ni samaki watatu tu walioikubali chambo, yule wa kawaida ataondoka na wawili au wote watatu takriban mara moja katika kila usiku sita. Ufundi wa mwenzake haukupungua, wala yeye hakupata ndoano mpya; kilichobadilika ni idadi ya samaki tu. Sasa katika ligi nyingi duniani mechi moja ya mpira wa miguu huwa na mabao kati ya mawili na matatu kwa wastani, na hivyo soka ni mchezo wa usiku ambao bahari imekataa. Mpira wa kikapu, ambako timu moja hupata alama themanini kwa siku ya kawaida, ni usiku wa neema, na ndiyo maana maangusho ya aina hii ni machache mno huko.

Hesabu ya karatasi inatosha kuonyesha ukubwa wa jambo hili. Tuseme timu kubwa ina uwezo wa kufunga mabao 2 kwa wastani dhidi ya timu ndogo, na ndogo ina uwezo wa kufunga 0.7, yaani kubwa ina nguvu karibu mara tatu. Mabao yakiingia kwa mtindo wa kubahatisha kulingana na wastani huo, timu ndogo itashinda ndani ya dakika 90 katika mechi 12 kati ya 100, na itapata sare katika nyingine 20, ambazo mwisho wake mara nyingi ni penalti, pale tofauti ya uwezo inapokaribia kufutika. Uwiano ule ule ukibaki lakini mabao yakawa mara kumi, ishirini kwa saba, ushindi wa timu ndogo unashuka hadi chini ya mechi moja kati ya 100. Ni makadirio, bila shaka, kwa kuwa mabao halisi hayaingii kwa bahati tupu, na timu iliyotangulia hubadili namna inavyocheza. Hata hivyo umbo la jibu halibadiliki kwa sababu hiyo.

Ndipo uwanja wa nyumbani unapopata nafasi yake ya haki. Tuseme kuwa mwenyeji kunamwongezea mdogo moja ya tano ya bao na kumpunguzia mkubwa kiasi hicho hicho, kikiwa kitu ambacho jicho haliwezi kukiona ndani ya mechi moja. Katika hesabu ile ile, ushindi wa mdogo unapanda kutoka mechi 12 hadi 18 kati ya 100. Hilo si jambo dogo, na klabu zinafanya vizuri kulitamani, lakini msukumo wa moja ya tano ya bao una thamani pale tu ambapo mechi nzima inaweza kuamuliwa na bao moja. Ungekuwa mchezo wa mabao ishirini, msukumo huo ungepotea kama haukuwapo.

Msukumo wenyewe unatoka wapi? Hapa ushahidi haulingani. Kuhusu mashabiki, ligi zilizochezwa bila watu mwaka 2020 na 2021 zilichunguzwa sana, na jambo lililojitokeza mara kwa mara ni kwamba faida ya mwenyeji ilipungua na waamuzi wakawapa wageni kadi chache kuliko walivyozoea, ishara kwamba sehemu ya kelele za jukwaani humfikia mwenye kipenga kuliko mwenye mpira. Lakini hizo zilikuwa ligi, kati ya timu zinazokaribiana na majukwaa yenye maelfu kwa maelfu. Kuzihamishia moja kwa moja kwenye uwanja wa kijijini wenye watu elfu mbili kunahitaji tahadhari. Kuhusu mabonde, ushahidi ni mwembamba zaidi. Inaelekea kuwa uwanja mbovu huharibu pasi za pande zote mbili na kupunguza nafasi za kufunga, na uhaba huo ndio unaomfaa mdogo, jambo ambalo kujilinda karibu na lango nako hulileta bila tope lolote. Isitoshe, siku hizi wadogo kadhaa wana nyasi bandia zilizonyooka kuliko meza. Sutton United ya daraja la tano ilikuwa na kiwanja cha aina hiyo ilipoifunga Leeds 1-0 Januari 2017, na katika siku hiyo jambo lenye uzito kuliko nyasi lilikuwa kwamba kocha wa Leeds alikuwa amebadilisha karibu kikosi chote. Timu kubwa inayoleta wachezaji wa akiba imeshausogeza wastani wake chini kwa hiari yake, kabla hata ya kuliona lango la uwanja.

Kanuni za kumpa mdogo nafasi ya kuwa mwenyeji zinatofautiana. Ujerumani huwapa wadogo uenyeji katika raundi za mwanzo, Ufaransa huhamisha mechi pale wapinzani wanapotofautiana kwa madaraja mawili au zaidi, na Hispania tangu msimu wa 2019/20 humaliza raundi nyingi kwa mechi moja katika uwanja wa timu ya daraja la chini. Uingereza huacha kura iamue, na mapato ya mlangoni hugawanywa kati ya pande mbili. Matokeo yake ni kioja ambacho hakina budi kutajwa: mwaka 2003 Farnborough Town, klabu isiyo ya ligi, ilipangwa kuikaribisha Arsenal, ikakubali mechi ihamie Highbury, kwa Arsenal wenyewe, ambako tiketi zilikuwa nyingi zaidi. Ilifungwa 5-1. Ukiitazama kwa ubaridi, klabu hiyo iliuza nafasi chache za ushindi kwa fedha taslimu, na kihasibu sidhani kama ilikosea.

Kumbukumbu nayo hufanya kazi yake. Raundi ya tatu ya Kombe la FA ina mechi 32. Zikiwamo kumi na mbili tu zenye pengo kama lile la hesabu yetu, uwezekano wa angalau moja kumalizika kwa mdogo kushinda ni karibu nne kwa tano, hata pasiwe na mwenyeji aliyesaidiwa na chochote. Kamera zitaelekea huko, zitaonyesha tope, na mechi kumi na moja zilizochezwa kwenye tope la aina hiyo hiyo na kumalizika kwa kipigo hazitaonyeshwa tena.

Mtetezi wa uwanja bado ana karata moja nzuri, nayo ni FC Saarbrücken. Msimu wa 2023/24 klabu hiyo ya daraja la tatu la Ujerumani iliitoa Bayern Munich 2-1 kwa bao la dakika za majeruhi, kisha ikaitoa Eintracht Frankfurt 2-0, kisha Borussia Mönchengladbach 2-1, zote nyumbani Ludwigspark, kwenye nyasi zilizojaa maji kiasi kwamba mechi ya Mönchengladbach ililazimika kuahirishwa. Ushindi wa aina hiyo mara tatu mfululizo, kwa hesabu ya 18 kati ya 100, ungetokea chini ya mara moja katika majaribio mia, na ingawa kombe hilo limechezwa kwa miongo mingi, ni rahisi zaidi kuamini kwamba Saarbrücken walikuwa bora kuliko daraja lao. Nusu fainali pia ilichezwa Ludwigspark, mbele ya umati ule ule, dhidi ya Kaiserslautern, timu ya daraja la pili iliyokuwa ikihangaika kukwepa kushuka daraja, na Saarbrücken wakafungwa 2-0.